Bando limeisha saa nne usiku MB 900 zikiwepo, hii hela yetu huwa inaenda wapi?

#1 MamaLisheUbungo
Habari za asubuhi wakuu. Mimi nauza chakula, oda zangu nyingi zinaingia WhatsApp, kwa hiyo bando kwangu siyo starehe, ni kama mkaa. Jumapili iliyopita usiku nilijiunga kifurushi cha wiki cha 5,000, nikapewa GB 2.4. Nabana kweli, video sifungui. Jana saa tatu usiku naangalia salio la data naona MB 900 bado zipo nikashukuru Mungu nikalala, maana naamka saa tisa kuwasha moto. Saa nne bando likaisha muda. Sawa, ndo utaratibu wao. Ila kwenye laini nilikuwa na 2,000 ya kawaida nimeiweka nimpigie kijana wangu wa samaki Feri alfajiri, naamka nakuta salio shilingi 11!! Nimeshindwa kumpigia, samaki wamechukuliwa na wengine, leo nimepika maharage na mchicha wateja wananuna.

Maswali yangu ni mawili. Zile MB 900 nilizilipia hela taslimu, zimeenda kwa nani? Na hiyo 2,000 nani kaniuliza kama nataka itumike kwenye intaneti? Tusio na laini za bili tunalipa kabla hata hatujapewa huduma, halafu ndo tunafanyiwa hivi.

#2 Mkwezi_Pangani
Pole sana dada. Swali la kwanza lina jibu: ungejiunga tena kifurushi kilekile kabla ya saa nne, MB zilizobaki zingeungana na mpya. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, waliliweka hilo kwenye kanuni za vifurushi za 2021, pamoja na kumhamishia mtu mwingine MB zako na kuletewa meseji ukifika asilimia 75 ya matumizi na ukimaliza 100.

#3 MamaLisheUbungo
@Mkwezi_Pangani asante, hilo la kujiunga kabla sikulijua. Lakini kaka, saa tatu usiku 5,000 nyingine naitoa wapi na hela ya mauzo nimeshamkabidhi muuza mchele? Yaani ili nisipoteze cha kwangu inabidi nilipe tena?

#4 FundiSimu_Kkoo
Mimi natengeneza simu Kariakoo mwaka wa kumi na moja huu, kesi ya hiyo 2,000 naletewa kila siku. Dada umeacha data imewashwa umelala. Bando likikata, simu haijui kama bando limekata, yenyewe inaona intaneti ipo inaendelea kuvuta. Usiku ndo apu zinajiapdeti, picha zinapandishwa bakapu, WhatsApp inahifadhi meseji zako. Unapiga picha za pilau na samaki kila siku unawatumia wateja, si ndiyo? Kama bakapu imeruhusiwa kutumia data, hizo picha zote simu inazipeleka kwenye akaunti yako bila kukuuliza. Ingia seting, bakapu weka wakati wa wifi tu, na apdeti hivyohivyo. Na ukilala zima data. Mtandao sijui kama una kosa hapo.

#5 Kigodoro_cha_Mbagala
@FundiSimu_Kkoo unawatetea kwa sababu gani mkuu? Mbona zamani 2,000 ilikuwa inakaa hata ukiacha data? Hawa jamaa wanaiba MB, mimi nilishawahi kuweka GB 1 nikazima simu kabisa nimeiwasha kesho yake imebaki MB 600. Simu imezimwa! Nani ametumia?

#6 FundiSimu_Kkoo
Zamani ulikuwa na simu gani? Zamani mtandao ulikuwa 3G, video ilikuwa inazunguka mpaka unakata tamaa, sasa 4G inafunguka papo hapo na kwa ubora mkubwa, dakika moja ileile inakula mara kadhaa. Lete hiyo simu dukani nikuangalizie matumizi ya kila apu, mara nyingi ukiwasha tu zile apu zilizokuwa zinasubiri zinavuta kwa pamoja kabla hujaangalia salio.

#7 Kigodoro_cha_Mbagala
Nije dukani kwako unibadilishie na kioo hahaha. Ila sijaridhika.

#8 Nyanda_wa_Kishapu
Nyie wa mjini mnagombania bakapu, ngojeni niwaambie ya huku kwetu. Kijijini tuna mnara mmoja tu. Umeme ukikatika na betri za mnara zikichoka, mtandao unaondoka kuanzia saa nane mchana mpaka usiku, siku nyingine mpaka kesho yake. Mimi nanunua bando la siku la 1,000 asubuhi niulizie bei ya dengu na pamba, mchana mtandao haupo, ukirudi bando limeshaisha muda wake. Saa zangu zilikuwa zinahesabiwa wakati wao huduma hawatoi! Nikimuuzia mtu maziwa lita tano nikampa mbili atanidai tatu, na atanidai mbele ya mwenyekiti. Mimi namdai nani?

Mwaka jana nilihesabu siku za namna hiyo kwa mwezi mmoja, zilikuwa tisa. Nimeandika kwenye daftari.

#9 BibiChuma
Nyanda umenigusa. Kwangu ni kamtindo kengine. Kila nikiweka vocha inakatwa 150, kila siku. Mjukuu ndo kaja kugundua nimeungwa kwenye huduma ya meseji za mpira. Mimi, mpira! Nina miaka 67. Inaonekana kuna meseji iliingia nikabonyeza moja nikidhani naifuta. Miezi minne wananikata, jumlisheni wenyewe.

#10 WakalaTegeta
Bibi shikamoo. 150 kwa siku 120 ni 18,000. Kwenye kibanda changu wazee kama wewe wanakuja kila wiki, nawatoa kwenye hizo huduma nao wanashukuru kama nimewafufua. Tatizo kujiunga ni kubonyeza namba moja, kutoka unatafuta menyu ndani ya menyu.

#11 Tozo_Hapana
Nyote hamjaliona tatizo lenyewe. Ni KODI. Kwenye vocha kuna VAT asilimia 18 na ushuru wa bidhaa kama asilimia 17, jumla kama 35. Ukiweka 1,000 serikali inachukua 350, kampuni inabaki na 650 ijenge minara, ilipe mafuta ya jenereta, ilipe wafanyakazi. Mnategemea MB zitoke wapi? Halafu 2021 wakaongeza na tozo kwenye vifurushi.

#12 Mhasibu_wa_Mtaa
@Tozo_Hapana viwango uko sahihi ila hesabu siyo hiyo. Asilimia hazichukuliwi kwenye 1,000, zinaongezwa juu ya bei kabla ya kodi. Unaanza na 724, unaweka ushuru 17 inakuwa 847, unaweka VAT 18 juu yake unapata 1,000. Kwa hiyo kodi ni kama 276, siyo 350. Bado ni nyingi. Na ile tozo ya Julai 2021 iliyopigiwa kelele nchi nzima ilikuwa ya kutuma na kutoa pesa kwenye simu, usiichanganye na bando.

Sasa nirudi kwa mwenye uzi maana swali lake la msingi halijajibiwa mpaka sasa. Dada, ukinunua bando la 5,000 leo, kwenye vitabu vya kampuni ile hela (ukitoa kodi) siyo mapato bado. Inaandikwa kama deni, maana wanadaiwa huduma na wewe. Inageuka kuwa mapato kidogo kidogo kadiri unavyotumia, na siku muda ukiisha ile iliyobaki yote inageuka mapato kwa mkupuo bila wao kukupa kitu. Kwa bei uliyonunulia, MB 900 ni kama 1,875. Ukitoa kodi, ndo imeenda huko. Ulikuwa unawadai, saa nne usiku deni likafutika, na aliyelifuta ni mdaiwa.

#13 MamaLisheUbungo
@Mhasibu_wa_Mtaa hii ya mwisho nimeisoma mara tatu. Asante.

#14 Nyanda_wa_Kishapu
"Aliyelifuta ni mdaiwa." Naichukua hii naenda nayo kwenye kijiwe.

#15 Injinia_Mnara
Nimefanya kazi za minara, naomba nisikike bila kutukanwa. Muda wa bando haukuwekwa kwa ajili ya wizi. Mtandao ni kama barabara, uwezo wa mnara kwa saa moja ukipita haujatumika hauhifadhiki kwenye gunia ukautumia kesho. Kampuni ikiuza MB zisizoisha milele, siku moja watu wote wakaamua kuzitumia kwa pamoja, mnara unazidiwa. Kwa hiyo wanakupa bei nafuu kwa masharti ya muda. Ukitaka MB zisizo na muda, bei inapanda. Kwa Nyanda lakini sina utetezi, kama mnara umezima muda ungetakiwa usimame.

#16 Kinara254
Sasa nyinyi majirani, salamu kutoka Nakuru. Hii stori tuliipitia. Huku kuna wakili alipeleka kesi kwenye baraza la rufaa za mawasiliano 2019 akiuliza swali lilelile la huyu mama, na Oktoba mwaka huohuo Safaricom wakatoa bando zisizo na muda wa kuisha. Unanunua ya shilingi ngapi unataka, inakaa mpaka uimalize. Kwa hivyo ile hoja ya @Injinia_Mnara ya mnara kuzidiwa sijui, mbona huku haikuanguka? Lakini ukweli niseme, hustler wengi bado wananunua zile za saa moja na za siku kwa sababu unapata MB nyingi kwa bob kidogo. Mimi mwenyewe nanunua.

#17 Injinia_Mnara
@Kinara254 umejibu mwenyewe. Isiyoisha ina MB chache kwa hela ileile.

#18 Kinara254
Sawa lakini ninachaguliwa ama ninachagua? Huyu mama hakuwa na choice, nyinyi mmepewa ya muda pekee yake.

#19 Mkwezi_Pangani
Bongo nako zipo zisizo na muda mkuu, ila zimefichwa chini kabisa kwenye menyu, na ukiziona bei unarudi mwenyewe za wiki.

#20 Kigodoro_cha_Mbagala
Kwani mmesahau 2021? Walipandisha vifurushi watu wakapiga kelele, wiki nzima hatuna hewa, ndo wakarudisha. Kelele ndo dawa.

#21 Mkwezi_Pangani
Haikuwa wiki nzima. Bei mpya zilianza tarehe 2 Aprili 2021, nakumbuka vizuri kwa sababu ilikuwa Ijumaa Kuu, natoka kanisani kila mtu ameshika simu ananung'unika. Siku hiyohiyo serikali ikasitisha, bei za zamani zikarudishwa. Na kinachouma ni kwamba kanuni zenyewe zilikuja kumlinda mteja, hizi za kuhamisha MB na meseji za asilimia. Watu tukaona bei tu.

#22 Mwana_Bukavu
Niko Bukavu, nasoma tu siku zote, leo naandika. Huku kwetu 2020 walileta kitu kinaitwa RAM, eti kusajili simu za watu. Kama una simu kubwa ni dola 7 kwa mwaka, na wanazikata kwenye inite zako (salio) kidogo kidogo. Unaweka inite upige kwa mama yako, unakuta wamekata, hujasaini karatasi, hakuna mtu amekuita. Maskini na tajiri sawasawa. Batu walilalamika sana, wabunge nao, mpaka 2022 wakaifuta. Zile zilizokatwa hatukurudishiwa hata franga moja. Kwa hiyo mama, mimi nikisikia "salio limekatwa bila kuniuliza" naelewa maumivu yako kabisa.

#23 BibiChuma
Pole mwanangu wa Bukavu. Kumbe tunafanana.

#24 Tozo_Hapana
Nimekubali marekebisho ya mhasibu. Lakini serikali inakusanya kodi kwenye bando zima hata zile MB 900 ambazo mama hakuzitumia, sivyo? Yaani amelipia kodi kwa huduma ambayo hakupewa. Hilo mtanijibu?

#25 Mhasibu_wa_Mtaa
Ndivyo. Kodi imehesabiwa kwenye hela aliyolipa.

#26 Dada_wa_Simu
Nilifanya kazi kastama kea miaka mitatu, sitataja wapi. Nataka niwaambie kitu ambacho kimenikaa rohoni. Ukipiga kulalamika, mimi kwenye skrini yangu ninaona KILA KITU: saa ngapi, MB ngapi, zimekatwa kwenye bando au kwenye salio, huduma gani uliunganishwa, tarehe gani. Mteja wa bili mwisho wa mwezi anatumiwa karatasi yenye mchanganuo wote anakaa anaikagua. Mteja wa vocha anaambiwa kwa mdomo "matumizi yako yalikuwa sahihi" simu inakatwa, na mimi nilikuwa nahesabiwa dakika nilizokaa na wewe, nikizidisha meneja ananiita. Taarifa zile ni zako wewe ndo umezilipia, lakini huzioni. Ningekuwa na uwezo ningebadilisha hilo kwanza kabla ya bei. Mteja apige namba moja apate mchanganuo wake wa siku thelathini. Mabishano ya @FundiSimu_Kkoo na @Kigodoro_cha_Mbagala hapo juu yangeisha kwa dakika mbili.

#27 FundiSimu_Kkoo
Naunga mkono hoja. Mimi mwenyewe nakisia tu kutoka kwenye simu, hesabu ya mtandao sijawahi kuiona.

#28 Kigodoro_cha_Mbagala
Kwa mara ya kwanza tumekubaliana fundi. Ila kioo changu nitakibadilisha kwingine.

#29 Mpemba_Mtulivu
Mie nauliza, bei zenyewe hazina kikomo? Kila mtandao unajipangia?

#30 Mkwezi_Pangani
Kikomo kipo, TCRA waliweka bei elekezi, MB moja kuanzia shilingi 2.03 hadi 9.35. Bando la mama liko karibu na chini. Ile 2,000 yake iliyoliwa usiku nje ya bando, kama ilikatwa kwa bei ya juu, ni MB mia mbili na kidogo tu. Ndo maana imeisha kabla hajageuka upande wa pili kitandani.

#31 WakalaTegeta
Na gharama za mitandao kulipana mtu akipiga kwenda mtandao mwingine nazo zimeshushwa na TCRA mwaka hadi mwaka, 2018 ilikuwa 15.60 kwa dakika, 2019 ikawa 10.40, 2020 ikawa 5.20, 2021 ikawa 2.60, na 2022 shilingi 2. Sasa huyu wa mtaani dakika zake zimeongezeka kwa kiasi hicho? Nauza vocha kila siku, sijaona.

#32 Injinia_Mnara
Hiyo ni gharama moja tu kati ya nyingi wakala, kuna dizeli, kuna ulinzi wa minara, vifaa vinanunuliwa kwa dola.

#33 WakalaTegeta
Dola ikipanda bei inapanda, gharama ikishuka bei inabaki. Haya.

#34 Mbongo_Joburg
Habari za nyumbani. Huku Afrika Kusini tangu 2019 mdhibiti wao, ICASA, aliweka sheria kwamba bando likiisha mtandao HAURUHUSIWI kukuingiza kwenye bei ya nje ya bando mpaka wewe mwenyewe ukubali. Na lazima wakupe meseji ukifika asilimia 50, 80 na 100. Kabla ya hapo watu walikuwa wanaliwa salio usingizini kama mama hapo juu. Data bado ghali, watu wanalalamika, lakini hilo la kuliwa ukiwa umelala limepungua sana kwangu.

#35 MamaLisheUbungo
@Mbongo_Joburg hicho ndicho ninachokitaka, niulizwe tu! Hata meseji moja, jibu ndiyo au hapana.

#36 Mkwezi_Pangani
Mama angalia kwenye menyu ya mtandao wako, baadhi wanayo sehemu ya kuzuia intaneti ya nje ya bando. Ukiizuia, bando likiisha intaneti inakata salio linabaki. Shida inakuja imefunguliwa, kuifunga ni kazi yako.

#37 Mhama_Hama
Si mhame jamani! Kuhama mtandao na namba yako ileile kupo tangu 2018. Mimi nimehama mara mbili.

#38 Mkwezi_Pangani
Tangu tarehe 1 Machi 2017.

#39 Mhama_Hama
Haya mkuu wa tarehe, 2017.

#40 Nyanda_wa_Kishapu
Kuhama niende wapi na mnara ni mmoja?

#41 Dada_wa_Simu
Mama, utaratibu ni huu: unaanza kulalamika kwa mtandao wenyewe na UDAI NAMBA YA LALAMIKO, uiandike. Wasipokuridhisha unaenda TCRA, na lipo pia baraza la watumiaji wa mawasiliano, TCRA-CCC, kazi yao ni kumsemea mteja. Bila ile namba unaonekana hujawahi kulalamika. Na ukipiga sema maneno haya: "naomba mchanganuo wa makato ya salio la kawaida, kuanzia saa nne usiku." Ukisema "mmeniibia" wanakusomea karatasi.

#42 MamaLisheUbungo
Napiga sasa hivi.

#43 BibiChuma
Tunakusubiri. Na mimi mjukuu akitoka shule tunapiga kuhusu 18,000 yangu.

#44 MamaLisheUbungo
Nimerudi. Nimesubiri kwenye simu dakika 26, dada aliyepokea ana adabu sana. Nikasema kama nilivyofundishwa na @Dada_wa_Simu. Kanisomea: kuanzia saa 4:02 mpaka 4:19 usiku, shilingi 1,989 zimekatwa kwa intaneti isiyo ya bando. Dakika kumi na saba! Nimemuuliza ni apu gani akasema hiyo wao hawaioni, nikaangalia kwenye simu kama fundi alivyosema, ni bakapu ya picha. Fundi ulikuwa sahihi, naomba uniwashie hiyo ya wifi nikipita Kariakoo.

Nikamuuliza kwa nini sikuulizwa, akasema niliulizwa siku nilipojiunga, vigezo na masharti. Nikamuuliza mbona sijaletewa meseji bando lilipoisha, akasema ilitumwa. Ni kweli ipo, imeingia saa 4:20.

Namba ya lalamiko nimepewa. Kanirudishia MB 500 kama samahani, za siku tatu.

#45 Kigodoro_cha_Mbagala
Meseji saa 4:20, hela imeisha 4:19!!! Piga skrinishoti hiyo mama usiifute.

#46 Mhasibu_wa_Mtaa
Na hizo MB 500 za samahani nazo zina muda.

#47 MamaLisheUbungo
Alhamisi saa tano asubuhi zinaisha. Skrinishoti nimepiga, na ile namba ya lalamiko kesho nikimaliza kugawa chakula cha mchana naenda nayo TCRA, hapo si mbali na kwangu. Bibi, wewe umefikia wapi?

#48 BibiChuma
Wameniondoa kwenye mpira. Hela wamesema wanaichunguza, siku kumi na nne.

#49 Nyanda_wa_Kishapu
@Dada_wa_Simu na mimi wa mnara uliozima niombe mchanganuo wa nini? Siku zangu tisa ziko kwenye daftari, tarehe na saa nimeandika zote.